Doa Lisiloshika Rangi

Septemba 2011 wakulima wa Longisa waliingia mashambani wakakuta mahindi yanakufa yakiwa yamesimama. Majani machanga yalikuwa na mabaka ya njano, yakikauka kuanzia ukingoni kwenda katikati, na moyo wa mmea ulikuwa umeshakufa kabla mbelewele hazijatoka. Gunzi lililobahatika kuzaa lilikuwa na punje za kuhesabu. Juu kwenye miinuko ya Kapkoros na Tirgaga, chai ilikuwa kijani kama siku zote. Lakini Longisa iko chini, kando ya barabara inayotoka Bomet kwenda Mulot na Narok, na huko mahindi ndiyo nyumba, ndiyo karo, ndiyo chakula cha jioni.

Watafiti wa kilimo walikuja, wakachuma majani, wakayapeleka maabara. Kufikia mwaka 2012 Anne Wangai na wenzake walikuwa wameshachapisha jibu: virusi viwili vilikuwa vimekutana katika mmea mmoja, na kila kimoja kikampa mwenzake nguvu ya kuua. Tangu hapo jina la Longisa limo katika maandishi ya magonjwa ya mimea, kuanzia Mexico hadi China, kama mahali ugonjwa huo ulipoonekana kwanza nchini Kenya. Mkosaji alitafutwa, akapatikana, akapewa jina, yote hayo kwa muda usiozidi msimu mmoja au miwili.

Nimeanza na mahindi kwa sababu watu wa eneo hilohilo wana ugonjwa mwingine ambao mkosaji wake ametafutwa kwa zaidi ya nusu karne. Ametafutwa kwa ramani, kwa chupa za mkojo, kwa kipimajoto ndani ya kikombe cha chai, na mwishowe kwa kusoma herufi za jeni, moja baada ya nyingine, katika vipande vya nyama vidogo kuliko punje ya mchele. Historia ya msako huo ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu wengi wameisikia vipandevipande na kutoka nayo na jambo moja baya: kwamba kansa ya koo iko kwenye damu ya Wakipsigis wa Bomet, basi.

Huanza na ugali. Tonge linakwama kifuani, mtu anakunywa maji, linashuka. Anasema ameumeza vibaya. Wiki zinapita, kila tonge linadai maji yake. Anahamia kwenye uji, halafu kwenye maziwa, na siku inafika ambapo hata mate yake mwenyewe yanarudi. Umio ni mrija laini unaotanuka, hivyo uvimbe hukua kimya kwa muda mrefu kabla njia haijabana. Mjukuu anapomwambia, “Kogo, jaribu kidogo tu,” na bibi akageuza uso, saratani imeshakuwa na umri mkubwa.

Wengi wa wagonjwa hao walipelekwa Tenwek, hospitali ya misheni iliyo karibu na Silibwet, juu ya maporomoko ya mto Nyangores. Ilianza mwaka 1937 na kwa miaka mingi iliendeshwa na wauguzi, mpaka daktari wake wa kwanza, Ernest Steury, alipofika mwaka 1959. Kufikia miaka ya 1990 madaktari wa huko walikuwa wameanza kuona jambo ambalo vitabu vyao vya chuo havikuwaandaa nalo. Vitabu vilisema saratani ya umio ni ya wazee, na hasa wavutaji sigara na wanywaji wakubwa wa pombe. Hapa walikuwa wanalaza vijana.

Mwaka 2002 daktari wa upasuaji Russell White na wenzake walituma taarifa fupi kwa jarida la Lancet: saratani ya umio ni ya kawaida kwa vijana wa Bomet. Baadaye daftari la Tenwek lilihesabiwa kwa makini zaidi. Kuanzia Januari 1999 hadi Septemba 2007 wagonjwa 914 wa saratani hiyo walipita hapo, na 58 kati yao walikuwa na umri wa miaka 30 au chini ya hapo. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14. Mwaka 2010 visa 109 vya vijana wa namna hiyo vilichapishwa kwa pamoja, na wachache tu kati ya waliohojiwa walikuwa wamewahi kuvuta sigara au kunywa pombe. Waliokuwa na ndugu aliyewahi kuugua ugonjwa uleule walikuwa wengi kuliko hao.

Hospitali ilifanya ilichoweza. Mgonjwa akishachelewa, upasuaji hausaidii tena, kwa hiyo madaktari waliingiza mrija wa wavu wa chuma ndani ya umio. Mrija hutanuka wenyewe na kuisukuma njia wazi. Kufikia mwaka 2009 walikuwa wameshawawekea karibu wagonjwa 1000. Mrija hauponyi, lakini mtu aliyekuwa hamezi hata maji aliweza kula tena na watu wake mezani, na katika nyumba ya mgonjwa hilo si jambo dogo.

Swali la chanzo lilikuwa limeulizwa zamani, na mtu wa kwanza kulichora kwenye karatasi alikuwa akitafuta kitu kingine. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alikuwa na jicho moja tu tangu utotoni. Mwaka 1957 alianza kuona watoto wenye uvimbe wa ajabu wa taya. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu la Ford wakasafiri kilomita 16,000 kwa muda wa wiki kumi, mpaka kusini mwa Afrika, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na picha mkononi wakiuliza: ugonjwa huu mnao? Uvimbe huo leo unabeba jina lake.

Safari ile ilimfundisha Burkitt kwamba swali rahisi likiulizwa mahali pengi huzaa ramani, na ramani huona kisichoonekana ukiwa wodini. Yeye na Michael Hutt, mtaalamu wa patholojia wa Mulago, walianza kukusanya taarifa za saratani za kila aina kutoka hospitali ndogondogo za Afrika Mashariki. Matokeo waliyachapisha mwaka 1965. Saratani ya umio ilijaa upande wa magharibi mwa Kenya, kuzunguka Ghuba ya Winam, kisha ikapungua ghafla ukivuka kuingia Uganda. Ziwa moja, mpaka uliochorwa na Waingereza, watu wanaooana na kuuziana samaki, lakini ugonjwa ulikuwa wa upande mmoja.

Mpaka wa namna hiyo unamfanya mtafiti akose usingizi, maana haiwezekani damu ibadilike ghafla hivyo kwa umbali wa safari ya siku moja. Mwaka 1969 N. Ahmed na Paula Cook walichapisha hesabu za ugonjwa huo magharibi mwa Kenya. Miaka miwili baadaye Cook alilinganisha ramani ya saratani na ramani ya vinywaji barani Afrika, akaona kwamba penye pombe ya mahindi ndipo ugonjwa ulipokuwa mwingi. Ilikuwa dokezo tu, na mwenyewe aliliita hivyo. Wataalamu wa kemia wakaanza kupima chang'aa na busaa. Mshukiwa wa kwanza, kumbe, alitoka kwenye zao lilelile ambalo Longisa ingekuja kulililia mwaka 2011.

Hapa lazima tuondoke Bomet kidogo, kwa sababu wakati huo elimu ya sumu ilikuwa inajifunza kusoma.

Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kwamba wavulana wanaotumwa kupanda ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha masizi wanapata saratani ya ngozi ya korodani wakiwa watu wazima. Mwaka 1915 huko Tokyo, Yamagiwa na msaidizi wake Ichikawa walipaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura, miezi nenda miezi rudi, mpaka saratani ikaota. Mwaka 1933 wanakemia wa London waliitenga benzopireni kutoka kwenye lami. Masizi yakawa na jina la kikemia. Lakini hakuna aliyejua yanafanya nini ndani ya mwili.

Jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Charlotte Auerbach, mkimbizi Myahudi kutoka Ujerumani aliyefanya kazi Edinburgh, aliwawekea nzi wa matunda gesi ya haradali, ile sumu ya vitani, na kugundua kwamba kemikali inaweza kubadilisha jeni na badiliko hilo likarithiwa na wajukuu wa nzi. Mwaka 1973 Bruce Ames wa California alionyesha njia rahisi ya kupima kwa bakteria kama kemikali inabadilisha jeni, akatangaza kwamba vitu vingi viletavyo saratani hufanya hivyo hasa. Mwaka 1979 protini iitwayo p53 ikagunduliwa. Baadaye ilieleweka kuwa ni mlinzi: seli ikiharibika, p53 huizuia isigawanyike, au huiamuru ife. Jeni yake, TP53, ndiyo inayovunjwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika saratani za binadamu.

Kisha ukaja mwaka 1991, ambao watafiti wa sumu wa rika fulani bado wanauzungumzia kwa macho yanayong'aa. Timu mbili zilichunguza saratani za ini, moja ikitumia wagonjwa wa Qidong nchini China na nyingine wa kusini mwa Afrika, mahali ambapo watu hula nafaka na karanga zenye sumukuvu ya aflatoksini. Zote mbili zilikuta TP53 imevunjika mahali palepale, kwenye alama ya 249, herufi G ikiwa imegeuka T. Mgonjwa baada ya mgonjwa. Sumu ilikuwa imeacha unyayo, na mwenye macho angeweza kumwangalia marehemu na kusema ni nani aliyepita hapa.

Kwa Mkenya hilo halikuwa jambo la mbali. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, mahindi yenye aflatoksini yalilaza watu 317 na kuua 125 kati yao. Hao walikufa kwa sumu ya haraka. Wale wanaokula kidogokidogo kwa miaka hawaandikwi kwenye orodha ya aina hiyo, na ni kwao unyayo wa jeni ulikuwa na ahadi kubwa. Ukiweza kusoma jeni za saratani ya umio ya Bomet, walisema wataalamu, utamwona mkosaji. Masizi yangeacha unyayo wake, pombe wake, sumukuvu wake.

Washukiwa hawakukosekana. Mmoja aliwaumiza watu kuliko wote.

Mursik si maziwa mala tu. Kibuyu, sotet, husuguliwa ndani kwa kijiti kiitwacho sosiot, kisha hupakwa unga wa mkaa wa mti wa senetwet mpaka ukuta wake ung'ae mweusi. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa huingizwa humo, yakakaa siku kadhaa, wakati mwingine wiki, yakatoka na rangi ya majivu yenye samawati kidogo na harufu ambayo mtoto wa Kipsigis huitambua akiwa amefumba macho. Mkimbiaji akishuka kwenye ndege na medali ya Olimpiki, mama mmoja humngojea uwanjani na sotet mkononi, na picha hiyo huenda dunia nzima. Mwaka 2013 watafiti wa Finland, Uingereza, Marekani na Tenwek walichapisha vipimo vya sampuli nane za mursik. Tano kati yake zilikuwa na asetaldehaidi kwa kiwango kinachotosha kuharibu DNA. Asetaldehaidi ndiyo kemikali ambayo mwili huitengeneza pombe inapovunjwavunjwa, na huhusishwa na saratani ya umio.

Sampuli nane ni chache. Zinatosha kuuliza swali, hazitoshi kumhukumu mtu, sembuse urithi wa watu. Lakini swali likiandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu husafiri bila tahadhari zake, na lilipofika redioni na vijiweni lilikuwa limeshakuwa hukumu: mursik inaua. Naona tulifanya vibaya hapo, sisi waandishi hasa. Tulilibeba neno moja tukaacha sentensi nzima nyuma.

Mshukiwa wa pili ni moshi. Jiko la kuni ndani ya nyumba ya nyasi isiyo na bomba hujaza hewa kemikali za jamii ya benzopireni, ndugu wa masizi ya wavulana wa Pott. Mwaka 2021 Michael Mwachiro, daktari wa upasuaji wa Tenwek, pamoja na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa eneo hilo wasio na dalili yoyote. Mabaki ya kemikali hizo yalikuwa mengi, hasa kwa wanawake, na wanawake ndio wanaoinamia moto. Wale ambao utando wa umio wao ulikuwa umeanza kuharibika walikuwa na mengi zaidi ya baadhi yake.

Wa tatu ni chai yenyewe, ile inayoota juu ya kilima. Chai ya nyumbani Bomet haimwagiwi maziwa baridi mezani. Maji, majani, maziwa na sukari huchemka katika sufuria moja, chai huingia kwenye chupa, hutoka kwenye chupa ikiwa bado moto wa kuunguza, na hunywewa papo hapo kabla ya kwenda kuchuma au kukamua. Kikundi cha Diana Menya wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kikishirikiana na Valerie McCormack wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani huko Lyon, Ufaransa, kiliwahoji wagonjwa 430 na idadi inayokaribia hiyo ya watu wasio na saratani. Matokeo yalitoka mwaka 2019: waliosema hunywa vinywaji vya moto sana walikuwa na hatari karibu mara nne ya wale wanaokunywa vya vuguvugu. Mapema, upande wa Kilimanjaro, wapimaji walikuwa wameingiza kipimajoto katika vikombe, wakakuta watu wanaanza kunywa chai ikiwa na nyuzi 70 hivi. Shirika la Lyon lilikwisha kutamka mwaka 2016 kwamba kinywaji chochote kinachozidi nyuzi 65 huenda kinaleta saratani ya umio. Kosa ni la moto. Majani ya chai hayana hatia.

Kuna pia meno yenye madoa ya kahawia yatokanayo na floridi nyingi katika maji ya Bonde la Ufa, ambayo utafiti wa Eldoret ulikuta yakienda sambamba na ugonjwa. Kuna chang'aa. Kuna kuvu la mahindi: mwaka 1988 watafiti wa Afrika Kusini walitenga sumu iitwayo fumonisini kutoka kwenye kuvu linaloozesha magunzi, baada ya kuliandama kwa miaka mingi Transkei, mahali pengine ambapo saratani ya umio imekithiri.

Sasa ulikuwa wakati wa kumwita shahidi mkuu.

Mwaka 2017 ulizinduliwa mradi mkubwa uliofadhiliwa na shirika la saratani la Uingereza, chini ya Mike Stratton wa taasisi ya Sanger karibu na Cambridge. Stratton na mwanafunzi wake Ludmil Alexandrov walikuwa wameonyesha mwaka 2013 kwamba huhitaji jeni moja kama TP53 ili kusoma unyayo. Ukisoma herufi zote za saratani, bilioni tatu, utaona mchoro wa mabadiliko maelfu, na kila sumu ina mchoro wake: moshi wa sigara una wake, jua lina wake, mmea wa zaravandi uliochanganyika na ngano za Balkani na kuharibu figo za wakulima una wake. Saratani ya umio ilichaguliwa kwa sababu ya kitendawili chake: ni nyingi mno mahali fulani, haba mno penginepo. Vipande vilitoka Eldoret, Tanzania, Malawi, Iran, China, Japani, Brazil na Uingereza. Jumla vilikuwa 552.

Fikiria maana ya kipande kimoja. Mtu asiyeweza tena kumeza anakubali kamera iingizwe kooni na nyama ikatwe kidogo, akijua haitamrudishia afya. Kipande kinagandishwa, kinawekewa namba, kinapanda ndege. Watu wa Bonde la Ufa walitoa ushahidi wao kwa njia hiyo, na nina heshima kubwa kwa kila mmoja wao.

Mwaka 2021 Sarah Moody na wenzake walitoa matokeo. TP53 ilikuwa imevunjwa karibu kila mahali, kama ilivyotarajiwa. Unyayo wa pombe ulionekana kwa wanywaji, hasa Japani na Brazil. Karibu asilimia 88 ya saratani zilikuwa na alama za vimeng'enya vya mwili wenyewe, vile ambavyo kazi yake ni kukata virusi na ambavyo vikikosa adabu huikata DNA ya mwenye mwili. Lakini unyayo wa kutofautisha Kenya na Uingereza, penye ugonjwa mwingi na penye ugonjwa haba, haukuwepo. Saratani ya mtu wa Bonde la Ufa na ya mtu wa Manchester zilisomeka karibu sawa.

Shahidi alisimama kizimbani akanyamaza.

Baadhi walivunjika moyo. Mimi nadhani ukimya ule ni ugunduzi, na mkubwa. Mwaka mmoja kabla, timu ya Sanger ilikuwa imewapa panya kemikali 20 zinazojulikana au kushukiwa kuleta saratani, kisha ikasoma uvimbe uliotokea. Kemikali 17 hazikuacha unyayo wowote wa pekee. Ziliua bila kuandika jina. Na mwaka 2018 Iñigo Martincorena na wenzake walisoma umio wenye afya wa watu waliofariki kwa sababu nyingine, wakakuta jambo la kushtua: kwa watu wa makamo na wazee, utando huo mzima, usio na saratani, umejaa mabadiliko. Jeni ya NOTCH1 ilikuwa imebadilika katika asilimia 12 hadi 80 ya seli, na TP53 katika asilimia 2 hadi 37. Mwanadamu anazeeka akiwa na seli zilizovunjika kooni, na wengi hufa wakiwa na miaka 80 bila saratani.

Basi badiliko la jeni peke yake si hukumu. Mbegu imo ndani ya kila mmoja wetu. Kinachotofautisha Bomet na Manchester ni udongo: kile kinachouchoma utando kila siku, ukapona, ukachomwa tena, mpaka seli iliyovunjika, ambayo mahali pengine ingelala, ikaamka ikashinda jirani zake. Chai ya nyuzi 70 haibadilishi herufi ya DNA, ila inaunguza. Fumonisini haivunji jeni, inavuruga mafuta yanayojenga utando wa seli. Vitu hivyo haviachi unyayo, na ndiyo maana sasa watafiti wanarudi jikoni, kwenye kipimajoto na kwenye bomba la moshi.

Na je, damu? Zipo familia duniani ambamo saratani hii hurithiwa kwa jeni moja. Mwaka 1958 madaktari wa Liverpool walieleza juu ya familia mbili ambazo baadhi ya watu wake walikuwa na ngozi nene viganjani na nyayoni, na karibu wote wenye ngozi hiyo walipata saratani ya umio wakiishi vya kutosha. Jeni yake ilijulikana mwaka 2012. Jeni ya namna hiyo, moja inayobeba lawama yote, haijapatikana Bomet. Familia ambazo zimezika watatu au wanne zimelelewa kwenye moshi mmoja, sufuria moja ya chai, kisima kimoja. Mtu akizaliwa humo, anarithi vyote hivyo pamoja na jina. Binti anayeambiwa asiolewe kwa sababu babu yake, shangazi yake na mama yake walikufa kwa koo anabebeshwa hukumu ambayo saratani 552 zilizosomwa herufi kwa herufi hazikuitoa.

Wakati mashine za Cambridge zilikuwa zikisoma, Tenwek ilikuwa inatumia dawa ya mwaka 1829. Jean Lugol, daktari wa Paris, alichanganya iodini na maji akitibu kifua kikuu, na kifua kikuu hakikujali. Karne moja baadaye Walter Schiller wa Vienna aliona kwamba mchanganyiko huo ukipakwa kwenye shingo ya kizazi, seli zenye afya hugeuka kahawia, kwa sababu zina akiba ya sukari inayoshika iodini, na zilizoharibika hubaki nyeupe. Umio una utando wa aina hiyohiyo. Katika wilaya ya Linxian nchini China, ambako ugonjwa huu ulikuwa ukimaliza vijiji, watu waliingizwa kamera, utando wa umio ukakatwa vipande vikapimwa, kisha wakafuatwa kwa miaka 13 na nusu. Waliokuwa na uharibifu mdogo, asilimia 24 walipata saratani. Wa wastani, asilimia 50. Mkubwa, asilimia 74. Hakuna jeni hata moja iliyowahi kusema kwa uwazi namna hiyo katika ugonjwa huu, na iodini inayoonyesha uharibifu huo ni ya bei ya chini.

Sanford Dawsey, Mmarekani aliyefanya kazi Linxian, ndiye aliyeshirikiana na Mwachiro, White na wenzao kuuleta utaratibu huo Bomet. Waliwaita watu wapatao 300 kutoka vijijini kuzunguka Tenwek, watu wanaokula ugali bila shida, wasio na sababu yoyote ya kwenda hospitali. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Asilimia 14.4 walikuwa na uharibifu wa kabla ya saratani. Mmoja kati ya saba, akitembea sokoni, akikamua, akiimba kwaya.

Doa likionekana mapema linaweza kuchomwa au kukwanguliwa kwa kifaa kilekile kinachoingia mdomoni, bila kifua kupasuliwa. Kikwazo ni mikono na mashine: ni vituo vichache vyenye kamera na mtu wa kuishika, na mtu wa Longisa mwenye afya njema anatakiwa kuacha ng'ombe na shamba, kulipa nauli na kukaa foleni, kwa ajili ya ugonjwa ambao hausikii.

Anayekuja hulala ubavu. Koo lake hupulizwa dawa ya ganzi, bomba jeusi hupita, na kwenye kioo cha runinga umio wake huonekana mwekundu laini, unyevu, wenye mikunjo. Muuguzi husukuma iodini. Kwa muda mfupi kila kitu hugeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kuanzia juu hadi mlango wa tumbo, na wote chumbani hunyamaza wakitafuta mahali palipokataa rangi. Kifua huwaka kidogo, kisha hutulia. Anaposhuka kitandani na kuuliza kama sasa anaweza kunywa chai, huambiwa angoje kwanza, koo bado limekufa ganzi, halitajua kama ni ya moto.